Kaa wa Mfalme

Jumatano, mwezi wa nane, tarehe 9

Mwezi huu tena sijaona siku zangu. Mimba — si kitu kingine! Kwa furaha nimemkanyaga paka. Anayejua ni Deokgae tu, mtumishi wangu. Akithubutu kufungua mdomo namwoza kwa yule mlinzi mwenye chongo.

Maana ikijulikana, safari yangu imekufa. Mfalme ameniruhusu niende kwetu Naju kumwona mama, naondoka tarehe 16. Tangu niletwe hapa mji mkuu, Gaegyeong, kuwa mke wake wa tatu sijamtia machoni. Waganga wa kasri wakipata habari watanifungia ndani kama kuku anayeatamia.

Alhamisi, tarehe 10

Nimetapika. Nimesingizia uyoga. Mpishi kalia, maskini.

Jumamosi, tarehe 12

Balaa! Mfalme kaingia anacheka peke yake. Sikukuu ya mwezi mpevu, tarehe 15, anatuandalia wakeze kaa waliolowekwa kwenye mchuzi wa soya, wanene, wenye mayai. Eti anajua ninavyowapenda, atakaa hapohapo anione nikiwafyonza. Mume mzuri jamani, lakini kachagua siku!

Mjamzito akila kaa, mtoto huja kwa ubavu, kama kaa atembeavyo. Nani asiyejua? Nikila, namponza mwanangu. Nisipokula, wote watang'amua, na mama simwoni.

Deokgae anasema nijifanye naumwa jino. Si wataitwa waganga walewale? Pumbavu! Kanuna. Nimembembeleza kwa keki ya mchele.

Jumanne, tarehe 15

Naandika mbiombio — nimeaga naenda kunawa. Kaa wameshaletwa. Nikapiga domo: mwezi, farasi wa Mfalme, chochote! Mfalme: "Mbona huli?" Nikasema nawatazama kwanza, walivyo wazuri.

Nikangoja Bibi Gyeong, mke wa pili, anicheke. Namtupia jicho — wake nao hawajaguswa! Yeye, mlafi wa kaa kuliko mimi!

"Namngoja mdogo wangu aanze," kasema, kwa upole.

"Hapana, dada, tangulia."

"Aa, siwezi."

Mfalme katazama sahani yangu. Katazama ya Bibi Gyeong. Kaacha kutafuna. Nikachomoka.

Bibi Gyeong kanifuata mpaka huku, kanishika mkono. "Hata mimi nina mimba, na nitajitaja mimi peke yangu. Wewe sema tumbo linakuuma tu. Waganga wakinizunguka mimi, nani atakukumbuka? Nenda kwa mama yako." Kisha, polepole: "Lakini atakayetangazwa kwanza ndiye mama wa mrithi. Unalijua hilo."

Nalijua. Mama, au mwanangu?

Sasa anatapika nyuma ya pazia. Akimaliza anataka jibu. Na Mfalme anatuita —