Mfalme Waliyemleta Muthetheni

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mwaka wa sita tangu nistaafu, na leo nimepata kazi! Swabra, niliyemfundisha historia hapa Machakos mjini, siku hizi ni dairekta. Anatengeneza drama ya televisheni kuhusu Wakamba wa zamani. Anataka nimwangalizie makosa. Nimemwambia wa kuulizwa ni mzee Mutunga wa Muthetheni, miaka tisini na moja. Babu ya babake, Kisilu, aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Nimefurahi kama mtoto.

Alhamisi, 6 Februari
Tumeshinda kwa Mutunga. Anaishi na Kasyoka, mjane wa mwanawe wa kwanza. Wana wawili waliobaki wako mjini Mlolongo — miaka minne hawajakanyaga nyumbani. Mzee ameeleza vizuri sana. Kisilu aliheshimiwa, lakini kesi zilikatwa na nzama, baraza la wazee, na yeye alikaa chini kama wengine. Swabra akauliza mfalme alikuwa nani. Mzee akacheka.
"Hatukuwa na mfalme. Mtu akijiinua, wazee walimketisha."
Swabra aliandika. Nilimwona akiandika.

Jumatano, 19 Februari
Skripti imefika. Mfalme Kisilu! Kiti cha enzi, taji la ngozi ya chui, wake saba wanaopiga magoti, waziri mwenye sumu. Nimeisoma mara mbili nikitafuta nzama. Hakuna. Kuna walinzi wa mfalme.

Ijumaa, 21 Februari
Nimepeleka kurasa kumi na moja za marekebisho. Swabra amenisikiliza kwa adabu, kama zamani darasani. Anasema watu wanaangalia drama za ikulu za Wakorea na Waturuki, wanauliza sisi yetu iko wapi.
"Mwalimu, wazee wamekaa wanaongea tu — nani ataangalia?"
Nikamwambia hiyo ndiyo ilikuwa serikali yetu. Mwishowe amekubali kitu kimoja: malkia hatavaa saa ya mkono. Nimeomba basi jina langu liondolewe kwenye drama. Amesema ataangalia.

Jumapili, 3 Agosti
Drama imeanza jana kwenye televisheni. Jina langu limepita mwishoni, herufi kubwa: Mshauri wa Historia, Mwalimu Ndanu. Kanisani wamenipongeza. Mama mmoja amesema hakujua tulikuwa na mfalme, na kwamba Mungu anibariki kwa kumfufua. Nimempigia Swabra mara tatu. Hashiki.

Jumamosi, 23 Agosti
Nilienda Muthetheni kumwomba mzee radhi. Boma limejaa watu! Wanawe wote wawili wamekuja na wake zao, wamepaka nyumba rangi, wameleta televisheni kubwa. Majirani wanamsalimu mzee kama kitukuu wa mfalme. Amekalia sofa mpya, kofia ya madoadoa ya chui kichwani, amenawiri. Kasyoka aliniambia wanakuja kila Jumamosi sasa, kutazama na baba yao. Zamani walikula wawili tu, yeye na mzee, bila neno.
Nilikunywa chai. Nikarudi sijasema nililoendea.

Alhamisi, 18 Septemba
Naandikia jikoni kwa Kasyoka, kwenye kurasa za mwisho za daftari lake la matumizi ya nyumba.
Mwalimu Munyao wa shule ya hapa aliniomba nilete darasa lake kwa mzee, wana mradi wa historia. Nilikubali haraka. Nilijiambia, angalau hawa watasikia kwa mdomo wake.
Mzee alianza vizuri. Safari, kiu, pembe za ndovu. Halafu akafika kwa kiti cha enzi. Wake saba. Waziri. Sumu. Yote, kama ilivyoonyeshwa juma lililopita, hata maneno ya malkia! Nilimuuliza polepole, na nzama, mzee? Alinitazama kama mtu anayetafuta sura anayoijua.
"Nzama ilikuwa ya watu wadogo."
Hadanganyi. Nimefundisha miaka thelathini, namjua mtu anayedanganya. Anakumbuka. Historia aliyotueleza Februari haimo tena kichwani mwake.
Mtoto mmoja akauliza mbona kitabu chao kinasema Wakamba hawakuwa na wafalme. Mmoja wa wanawe, aliyekuja leo ingawa si Jumamosi, akaweka mkono begani kwa babake. Mzee akaninyooshea kidole.
"Muulizeni huyo. Jina lake liko kwa televisheni."
Munyao amefurahi. Amewaambia waandike nitakachosema, ndicho kitaenda kwa mradi. Watoto arobaini, kalamu tayari. Nikasema nakuja, naomba maji ya kunywa kwanza.
Kasyoka amenichotea. Amesikia yote, dirisha liko wazi.
"Wamerudi, mwalimu," amesema. "Baba yao alikuwa anakufa na upweke."
Ameendelea kuchambua mboga.
Mzee ananiita. Sasa na watoto pia, kwa sauti moja —