Nisafiri na Mwanangu Kama Shangazi Yake?

Bi Chiku mpendwa,

Shikamoo, na jamaa wote wa gazeti nawasalimu. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, na herufi zangu mbaya unisamehe, darasa la pili ndipo nilipokomea.

Mume wangu Kasimu ni mpishi huko Aden, mwaka wa tatu sasa, na ametuita mimi na binti yetu Mbeyu wa miaka saba, tiketi za meli ameshaleta, basi nikaenda Mombasa kutafuta pasipoti, karani akatazama cheti cha mtoto akaniuliza, "Huyu Alfani aliyeandikwa baba ndiye mumeo?" nami nikamjibu bila kufikiri, "La, Alfani ni kaka yangu." Bi Chiku, yule kijana wa bara aliweka kalamu chini akanitazama kama niliyekula mtu, na foleni nzima nyuma yangu ikanyoosha shingo.

Ukweli ni kwamba mwaka jana, mume wangu akiwa huko huko, kaka ndiye aliyempeleka mtoto kuandikishwa apate kuingia skuli, akatoa jina lake mwenyewe, la mama hata hakulitaja, akarudi anatabasamu, kwani kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye mwana, na kweli ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwa daktari alipougua surua, sikuwa na ulimi wa kumkemea. Sasa amepata dawa: tuseme Mbeyu ni mwanawe, mimi shangazi, yeye atie sahihi ya ruhusa, karani hatakuwa na neno. Ameanza kumfundisha mtoto.

"Huyu nani?"

"Shangazi!"

"Jina lake?"

"Mwanapili binti Chirau!"

Wanacheka wote wawili, nami nacheka, lakini juzi mtoto alijikwaa kizingitini, akafungua kinywa aniite mama, akajikumbuka, akasema, "Shangazi, nimeumia." Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Na Kasimu hajui lolote juu ya jina hilo, naogopa atadhani nini akilisoma kwenye karatasi bandarini. Meli ni mwezi ujao. Nifuate la kaka, au nimwache mtoto, au nifanyeje?

Mwanapili, Msambweni

*

Mwanapili mwanangu, marahaba.

Kwanza, kula. Pili, huo mchezo wa shangazi ukome leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Umzae kwa uchungu wako, kisha umpandishe melini kama wa kuazima? Na akiugua njiani, daktari akiuliza mama wa mtoto yuko wapi, utanyoosha mkono au utaukunja? Tena kutia sahihi ya uongo mbele ya serikali ni kosa, na atakayeitwa kujibu ni kaka yako.

Alfani simlaumu kwa mapenzi, wajomba wa namna hiyo wengi tunawatamani. Namlaumu kwa kuandika. Mwambie kwa upole, na chakula kikiwa mbele yake, kwamba ujomba hakuna karani awezaye kuufuta, lakini kwenye cheti nafasi ya baba ni moja, na baba mwenyewe yuko hai, anapika Aden.

Basi nendeni Kwale pamoja, kwenye ofisi ya kuandikisha vizazi. Chukua cheti chako cha ndoa cha kadhi, na umfuate mkunga aliyekuzalisha, aje ashuhudie. Alfani aseme kwa kinywa chake alichofanya, ale kiapo mbele ya hakimu, waombeni cheti kisahihishwe. Usiende peke yako, utalia tu na kurudi. Kasimu naye alete barua yenye sahihi yake kwamba mtoto ni wake na amewaita nyote wawili.

Ila barua yako kwake itangulie. Mwandikie yote, na hilo la karani kuweka kalamu chini usiliache, apate kucheka kabla ya kukasirika. Akikasirika, na akasirike huko huko kwa barua, hasira itapoa njiani.

Meli ikiwa tayari na karatasi bado, iacheni iende, nanyi msubiri nyingine. Mumeo amengoja miaka mitatu, atangoja na mwezi. Ni mpishi, hatakufa njaa.