Kadi ya Chama, Penseli Yako

Wongarra, 3 Agosti 1997

Mzee wangu,

Hamjambo hapo Bindaring? Mgongo unaendeleaje? Mama kaniambia mvua imewafikia na ngano imeshika rangi, nikafurahi. Mimi mzima, ila usingizi haba. Nakuandikia kwa sababu wewe na simu hamsikilizani.

Umesikia Waziri Kiongozi amejiuzulu, na kiti chake cha bunge la jimbo ni chetu kukijaza kwa uchaguzi mdogo. Ametufungia wodi ya wazazi, kisha huyo kaenda kupumzika. Wakunga tumebaki kuwakimbiza wanawake wenye uchungu hadi Perth. Wiki iliyopita nilimzalisha mmoja kando ya barabara, kondoo wametukodolea macho.

Baba, nimejiandikisha kugombea, bila chama. Nikishinda, wodi ifunguliwe. Nikishindwa, nayo basi tena. Najua wewe ni katibu wa tawi la Chama cha Wakulima tangu sijazaliwa, na mgombea wenu ni Merv, jirani yako. Sikuombi kitu. Sikutaka tu ulisikie jambo hili redioni.

Mwanao, Nolene

Bindaring, 11 Agosti 1997

Binti yangu,

Sisi hatujambo. Mgongo bado wangu, hakuna anayeutaka. Mama yako amekwisha bandika picha yako kwenye geti letu, kwa hiyo kila nikitoka nakutana na uso wako ukinicheka.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nakupa pole kwa kazi hiyo ya barabarani, na nakwambia wazi: namba moja yangu kwenye karatasi ya kura ni ya Merv. Nimekaa naye chama kimoja maisha yangu yote, na mtu hawezi kumkimbia mwenzake siku anayomhitaji. Tawi limeshapanga kadi ya kuwaelekeza wapiga kura namba ya kumpa kila mgombea: Merv wa kwanza, yule kijana wa chama kikubwa aliyeletwa kutoka Perth, Ashcombe, wa pili, wewe wa tatu. Nilibishana nao nikashindwa. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo siku ya kura nitasimama kwenye geti la shule, kituo chetu, kuzigawa.

Ukikasirika una haki. Ila kula vizuri, unakonda.

Baba yako

Wongarra, 14 Septemba 1997

Baba,

Natumaini jana hamkuchoka sana. Mimi mzima, mwili tu umelegea.

Watu wangu waliokuwa kwenye geti la shule yenu walinieleza. Walisema uligawa kadi zile mchana kutwa, mimi wa mwisho, huku ukiwagawia na wao maji ya baridi na soseji za mama. Sijui nicheke au nilie, na nimefanya yote mawili.

Usiku nimempigia Ashcombe, nimempongeza. Redio ilisema yuko mbele, mimi nafuata, Merv wa tatu. Wodi imekwisha, baba. Leo nimewaandikia wauguzi wenzangu kuwaomba radhi. Sina kinyongo na wewe. Ulinieleza mapema, na hilo nalishukuru.

Nolene

Bindaring, 14 Septemba 1997

Nole mwanangu,

Mama yako anauliza kama umekula. Mimi sijalala, lakini nina nguvu kuliko jana.

Kama bado hujampongeza kijana wa Perth, funga mdomo. Kama umeshampongeza, umekurupuka. Ashcombe hajafika nusu ya kura. Merv ni wa mwisho, atatolewa, na kila karatasi yake itahamia kwa yule aliyeandikiwa mbili.

Jana usiku nilikuwa wakala wa Merv kwenye kuhesabu, pale ukumbini. Wakala haruhusiwi kugusa, anaruhusiwa kutazama, na mimi nilitazama mpaka macho yakaniuma. Rundo la Merv lilipopita mbele yangu, niliona mbili baada ya mbili kwenye jina lako. Kadi yangu hawakuifuata. Miandiko mingine naijua, lakini hata unikamue sitaitaja.

Getini asubuhi wanachama wetu walikuja mmoja mmoja. Bert aliniuliza, "Clem, unataka nimweke bintiyo mkiani?" Nikamjibu, "Kadi ni ya chama, Bert. Penseli ni yako." Sikumwambia zaidi ya hapo, wala wengine walioniuliza.

Yangu mimi? Merv moja, Nolene mbili. Siwezi kukudanganya.

Baba yako

Wongarra, 24 Septemba 1997

Baba yangu mpenzi,

Nakusalimu, na afya nzuri kabisa. Barua zetu zilipishana njiani, na yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi za posta.

Tumeshinda. Msimamizi alitangaza leo asubuhi. Kura za Merv zilinivusha, na Ashcombe kanipigia akicheka, anasema nimrudishie pongezi zake. Serikali haina wingi wa viti bila mbunge mmoja wa pembeni, na huyo mmoja ni mimi. Wodi itakuwa neno langu la kwanza bungeni.

Nimewaza sana. Ungemwacha Merv kwa ajili yangu, watu wangesema Clem kalainika kwa binti yake, na kadi wangeifuata kwa hasira. Ulibaki ulipo, wakakuamini. Asante, baba. Namba mbili yako naithamini kuliko moja za watu wengi.

Mwanao, Nolene

Bindaring, 5 Oktoba 1997

Mheshimiwa mwanangu,

Sisi wazima. Mama yako sasa anaitwa mama wa mheshimiwa dukani na anajifanya hapendi.

Juzi tawi lilikutana. Kulikuwa na nongwa: nani kaivunja kadi? Nikasimama nikasema mimi mmojawapo, na ukatibu nauweka mezani. Watu wakainamisha vichwa. Kisha Merv akainuka polepole, unamjua alivyo, akavua kofia.

Akasema, "Kaa chini, Clem. Mimi ndiye mgombea, na mimi mwenyewe niliandika Nolene mbili. Mtoto aliyezaliwa mikononi mwake kando ya barabara ni mjukuu wangu."

Nilimshika mkono. Muda wote wa kampeni tulikaa kwenye gari moja, yeye na mimi, kila mmoja akimficha mwenzake namba mbili yake. Nashukuru, Nole. Nilidhani nakuchagua peke yangu.

Baba yako