Mlinzi wa Vinywa Viwili

Jumapili, 3 Machi

Mchungaji amehubiri juu ya ulimi. Kiungo kidogo, lakini kinachoma msitu mzima. Mama akaitikia "Amina!" kwa nguvu huku akimtazama shangazi. Shangazi akaitikia kwa nguvu zaidi huku akitazama dari. Wote wawili wameguswa sana — kila mmoja kwa niaba ya mwenzake.

Darasani kwetu mwalimu wa shule ya Jumapili ametupa kazi ya wiki: tumwombe Mungu aweke mlinzi mlangoni pa kinywa. Neno baya likifika mlangoni, lirudishwe ndani. Nimejaribu tangu mchana. Changu hakina shida, husema kidogo. Shida ni vinywa viwili vya nyumbani.

Na yote kwa sababu ya neno moja! Nyumbani mama hukata nguo, shangazi hushona. Mama alikata sare za kwaya, shangazi akaziona, akasema mbele ya wanakwaya wote, "Haya mapazia atayavaa nani?" Sasa hata mpiga kinanda anasema Kwaya ya Mapazia. Mama naye akajibu kwamba matundu ya vifungo anayoshona shangazi, mbuzi anapita na pembe zake. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Mama hamwiti tena wifi. Anasema "huyo shangazi yako". Shangazi anasema "huyo mama yako". Kana kwamba mimi ndiye niliyewaleta!

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi amehamishia cherehani yake ukumbini. Mama amebaki na meza ya kukatia chumbani. Katikati kuna korido. Kwenye korido kuna mimi.

Leo mama: nenda kamwambie huyo shangazi yako alete mkasi, kama amemaliza kuutafuna. Nikafika kwa shangazi nikasema, "Mama anaomba mkasi." Basi. Shangazi akaacha kukanyaga cherehani. "Ameomba?" Ameomba. Akanipa — mpini mbele!

Nimepata wazo. Mlinzi wa mlangoni anaweza kukaa koridoni. Sharti ni moja: ruksa kupunguza, marufuku kuongeza. Kupunguza si uongo. Mama mwenyewe hukata kitambaa, vipande vikabaki sakafuni, na hakuna anayemwita mwongo.

Baba nimemwambia awapatanishe. Huyu ni dada yake, yule ni mke wake. Akasema yeye ni dereva, na dereva mwenye akili hasimami katikati ya malori mawili.

Jumatano, 6 Machi

Habari mbaya. Shangazi amepata kibanda karibu na stendi. Jumamosi anakuja mtu wa mkokoteni kuchukua cherehani. Mama akasema safari njema, lakini akakata nje ya mstari wa chaki.

Hawa watu hawajui wanachofanya! Mama hawezi kutia kola. Shangazi akikata suruali, mguu mmoja unakuwa wa baba na mwingine wa mtoto. Halafu nani atanifundisha mimi kushona? Na Jumapili nitakaa karibu na nani?

Leo pia sharti langu limevunjika. Shangazi: mwambie mama yako kitambaa hiki kimekatwa na mtu mwenye usingizi. Nikapunguza, nikapunguza, nikabaki na "kitambaa hiki". Mama ananisubiri, mkono kiunoni. Nikasema, "Shangazi anauliza kama umelala vizuri."

Mama akakaa chini.

"Mwambie nimelala. Na kama ana haraka ya kunizika, avumilie."

Nikapeleka: amelala, anashukuru.

Ee Mungu, hiyo ya kwanza iliniponyoka. Ya pili, sijui. Ya tatu, ile ya kola, hata hapa siiandiki.

Alhamisi, 7 Machi

Shangazi amemuuliza baba kwa siri kama mama amepewa habari mbaya hospitali, maana upole huu si wa kawaida. Mama naye amemuuliza kama dada yake anaumwa. Baba akaniita pembeni: "Mama yako anamhofia shangazi yako. Shangazi yako anamhofia mama yako. Mimi nakuhofia wewe."

Jioni mama akamimina chai kikombeni, akatia sukari, akaongeza — jinsi anavyopenda shangazi. "Mpelekee. Mwambie asiiache ipoe." Nilisimama koridoni nikitafuta pa kupunguza. Hapakuwa na pa kupunguza! Nikaipeleka nzima nzima.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeharibu kabisa.

Shangazi alisema mwambie mama yako kesho naondoka, apumue. Nikaenda. Nikasema, "Shangazi anasema kesho anaondoka." Hapo ningenyamaza! Mama akaweka mkasi chini. Nikasikia kinywa changu kikiendelea: "... na anasikitika kwa yale mapazia."

Mama akanigeuzia mgongo. Akapangusa macho kwa utepe wa kupimia. "Mwambie na mimi kwa yule mbuzi."

Nikakimbia. "Mama anasema na yeye mbuzi!"

"Nani mbuzi?"

Nikamweleza: mama anasikitika kwa yale maneno ya matundu ya vifungo. Shangazi akazima taa ndogo ya cherehani na hakushona tena.

Sasa ombi moja la radhi ni la kweli na lingine ni langu. Kola, kabla ya kushonwa, hushikizwa kwa uzi mwepesi. Bila uzi huo haikai. Lakini ni wa kuvutwa utoke, na ukivutwa kabla ya mshono wenyewe, kola yote inaanguka. Kesho nitasema kweli. Kabla ya mkokoteni kufika. Bwana, nisaidie — uwahi.

Jumamosi, 9 Machi

Mkokoteni umewahi.

Naandikia koridoni. Shangazi alipita hapa sasa hivi, akaingia kwa mama, akafunga mlango. Alisema mtu aliyemwomba radhi hawezi kumwondokea kimya kimya. Sikuweza kufungua mdomo. Leo ndiyo mlinzi ameamka!

Mtu wa mkokoteni anauliza apakie au asipakie. Baba anamwambia asubiri, ndani wanaongea. "Kwani wamegombana?" "Ndiyo maana nakwambia subiri."

Nawasikia. Mama anasema amemsamehe ya mapazia, maana ameomba radhi mwenyewe. Shangazi: mimi? Lini? Mama: si wewe uliyeuliza kama nimelala vizuri? Shangazi: na wewe si ulisema natia kola kama malaika?

"Malaika! Nilisema kama mlevi!"

Kisha sauti — kicheko au kilio, mlango ni mnene. Halafu mama:

"Wifi."

Amesema wifi!

"Wifi, huyu mtoto amefuata kwenu."

"Kwetu? Ulimi huo ni wa ukoo wenu, wifi!"

Sasa wameniita. Wote wawili, kwa mpigo, sauti moja kama kwaya. Mtu wa mkokoteni ameketi juu ya mkokoteni wake. Baba ananionyesha mlango kwa kidevu.

Naenda —