Herufi Zilizomezwa Chini ya Korongo

Adelaide, 3 Machi 1991

Mwanangu Antonela,
Salamu tele. Mimi mzima, ila magoti. Kaka yako Sandro ananilisha nyama kila siku, kama amefuga simba. Mateo ameota meno? Na hapo Murano, tanuru la kioo la marehemu Pavanelo bado linawaka?
Baba yako

Murano, 20 Machi

Baba, shikamoo.
Mjukuu wako ameota mawili. Halali, nami silali. Naandika nimempakata, usiucheke mwandiko.

Jana nilishtuka. Bwana Brusadelli wa Milano, yule mkusanya vioo, aliniletea korongo wa kioo cha buluu nimsugue ukingo uliomeguka. Anasema ni mkono wa Ettore Pavanello mwenyewe, na makumbusho yanamtaka. Kwa kuwa ndimi msuguaji wa tanuru lake, nitie sahihi kwamba ndivyo.

Nikamgeuza. Chini kumechongwa: Etore Pavanelo. T moja, l moja.

Baba, marehemu alikuwa msomi, hakukosea jina lake hata akiwa na homa. Hapa kisiwani sote tunameza herufi pacha tukisema. Anayezimeza hata akiandika namjua mmoja, na ananiita Antonela tangu nizaliwe.

Niambie si wewe.
Binti yako, Antonella

Adelaide, 6 Mei

Antonela mwanangu, marahaba.
Barua yako imekaa mfukoni mwangu mwezi mzima.

Ni mimi. Nilimvuta korongo yule kwa koleo kutoka kioo cha moto mwaka 1962, Pavanelo yuko kaburini miaka mitatu. Akakaa dirishani miaka miwili na kibandiko cha jina langu. Wateja wanampita, wanauliza, "Cha marehemu hamna?" Siku moja nikatoa kibandiko, nikashika kalamu ya almasi, ile ya kuchongea kioo. Wiki haikuisha, akanunuliwa. Ndege yuleyule! Nilicheka, kisha nikaificha kalamu.

Tia sahihi, mama. Kisiwani bado wananiita fundi. Niache nife na jina hilo.
Baba yako

Murano, 21 Mei

Baba, shikamoo.
Nimelia, nikambadilisha mtoto nepi, nikalia tena. Nakupenda, na sahihi sitii. Matteo atajua kusoma siku moja.

Nilimwambia Bwana Brusadelli kwamba si wa Pavanello. Akawa mweupe kama chokaa. Nikamletea maji, hakuyanywa. Akasema, "Miaka ishirini namwamkia huyu ndege kila asubuhi. Basi ni wa nani?"

Nilimwambia jibu hilo si langu kulitoa. Atarudi katikati ya Juni. Mimi sitasema jina. Sema wewe.
Antonella

Adelaide, 4 Juni

Antonella,
Kalamu ya almasi iko ndani ya soksi, kwenye kifurushi hiki. Nimeificha miaka ishirini na saba, hata mama yako hakuiona.

Futa jina la marehemu. Chonga langu wewe. Usihofu kukosea. Toni Busato: halina herufi ya kumeza.
Baba yako