Mimba Niliyosingiziwa Nikaikubali

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijasema uongo wa pili, maana ule wa kwanza sikuusema mimi, ulisemwa na wengine nami nikanyamaza, na sasa umekua mpaka umenizidi kimo, siketi nikatulia, silali nikapata usingizi, hata hapa ninapokuandikia nainuka kila mara kwenda kuchungulia dirishani na wala hakuna ninayemngoja.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nafanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo, si dobi wa mtaani, ni kiwanda chenyewe, tunafua mashuka ya hoteli na ya hospitali, yanaletwa machafu kwa lori na kurudi meupe, na kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya pasi, ile yenye magogo ya chuma yenye moto, mnashika shuka watu wawili kwenye pembe mnailisha mashine, inalimeza likiwa na unyevu na kulitema upande wa pili limekauka na kunyooka, na joto la pale, mshauri, halisimuliki.

Shida yangu ni kifafa. Ninacho tangu utotoni, nikinywa dawa zangu vizuri na kulala vizuri kinakaa kimya hata mwaka, nikikosa usingizi kinanikumbuka. Mume wangu anajua, alinioa akijua. Kazini hakuna anayejua, kwa sababu pale nilipokuwa kabla ya hapa, kiwanda cha kushona sare, nilianguka mbele ya watu, nilipozinduka nikakuta wamesimama mbali kama vile nawaka moto, na kuanzia hapo kikombe changu cha chai kikawa kinawekwa peke yake dirishani, hakuna aliyenifukuza, lakini nani anaweza kunywa chai ya dirishani maisha yake yote? Nikaondoka mwenyewe. Mama yangu akaniambia safari hii nifunge mdomo, mambo ya ndani hayaanikwi kwenye kamba ya jirani.

Nikaufunga. Kisha hoteli zikajaa wageni, tukapangiwa zamu za usiku mfululizo, usingizi ukakatika, na asubuhi moja, namshukuru Mungu haikuwa mbele ya mashine, nikaanguka katika chumba cha mashuka safi. Nilipofumbua macho nilimwona mwenzangu mmoja tunayemwita Redio, na jina hilo hakulipata bure, amepiga magoti ananifuta jasho kwa foronya. Kuanguka kwenyewe hakukuona, alinikuta nimeshalegea, nabwabwaja tu, akanitazama usoni, akanitazama tumboni, akatabasamu, akasema, "Mwenzetu, ungetuambia."

Nakuapia sikuelewa mpaka mchana, msimamizi wetu aliponiita pembeni. Huyu ni mama mtu mzima, mkali, akipita hata wasemaji wanameza maneno, lakini siku hiyo aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mimba yake ya kwanza iliharibikia kwenye mashine ile ile ya pasi, na wakati ule hakuwa na wa kumweleza, hivyo maadamu yeye ndiye msimamizi hakuna mjamzito atakayesimama pale. "Kuanzia kesho unakunja taulo," akasema, "na zamu ya usiku isahau."

Nilipaswa kusema palepale, na mdomo niliufungua. Lakini alichokuwa ananipa ndicho nilichokuwa namwomba Mungu kila siku, kukaa mbali na moto, kuwa na kiti, kulala usiku nyumbani kwangu. Nikasema, "Asante, mama."

Tangu hapo sijaanguka hata mara moja. Ila miezi inakwenda na tumbo halisemi kitu. Nimeanza kuvaa magauni mapana, nakula bila njaa ili ninenepe, juzi nikajifunga taulo tumboni, nikapita getini natembea kama bata, nilipoketi likateleza upande mmoja, nikakimbilia chooni nikalifungua, nikalia, nikacheka, nikalia tena. Wenzangu wanachukua mashuka yaliyochakaa wanayakata na kuyapinda wakati wa chai ili yawe nepi za mwanangu, wananionyesha, wananiuliza nataka wa kike au wa kiume. Redio akakutana na mume wangu njiani akampongeza. Mume wangu ni seremala, mtu wa maneno machache, alifika nyumbani uso umemng'aa, akauliza kwa nini nimemficha, ikabidi nimwambie hakuna kitu. Alikaa mlangoni na viatu vyake miguuni mpaka chakula kikapoa, kisha akasema niende nikaseme ukweli, kama yeye aliweza kunioa akijua, wao watashindwaje kufanya kazi na mimi, na hapo tukagombana, kwa sababu si yeye atakayekunywa chai dirishani.

Sasa msimamizi anataka kadi ya kliniki anipangie likizo ya uzazi, nami nimemwahidi Jumatatu. Nimewaza mpaka kichwa kinagonga na naona njia moja tu, nimwambie mimba imeharibika. Atanihurumia, huenda akaniacha hapohapo kwenye taulo, na jambo litakwisha. Je, nifanye hivyo, au niache kazi kimyakimya kama kule kiwanda cha kwanza? Tafadhali usiniambie nitulie, kutulia ndiko kulikonishinda.

Ni mimi, Mpiga Pasi wa Zamani

*

Mpiga Pasi,

Sikuambii utulie. Aliyekalia kaa la moto haambiwi atulie, anaambiwa ainuke. Basi inuka.

Kwanza pole. Hofu yako haikuzuka hewani. Kile kikombe cha dirishani kilikuwa aibu ya waliokiweka, si yako. Kifafa hakiambukizwi kwa kikombe, wala kwa mate, wala kwa kukaa meza moja, na mtu mzima anayeamini hivyo amekosa mafundisho. Mama yako naye alikushauri kwa uchungu wa mzazi. Simlaumu, ila hakukushauri vyema.

Huruma yangu inaishia hapo. Huyo unayetaka kumpelekea habari ya mimba kuharibika ni nani? Ni mama aliyekufunulia kidonda ambacho pengine hakuna mwingine kazini aliyewahi kukiona, nawe unataka kukitia chumvi ili ubaki na kiti. Usithubutu. Atalia na wewe, atakuombea dua, atakubebea mizigo, na kila akikutendea wema utatamani ardhi ipasuke. Hutapata utulivu kwa njia hiyo, utapata mzigo wa pili.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo naona hukulifikiria. Ukianguka kesho mbele ya watu wanaoamini una mimba, watakukimbiza wodi ya wazazi, Redio akiwa mbele anatangaza. Daktari akiambiwa mjamzito ameanguka na kutetemeka, atafikiri kwanza kifafa cha mimba. Muda wa kukuhudumia utapotelea kwenye ugonjwa usio wako, na dawa zako hakuna atakayezitaja kwa kuwa hakuna anayezijua. Unadhani umejificha nyuma ya ukuta, kumbe umejifungia ndani na ufunguo uko nje.

Hebu jiulize swali moja. Walipokutoa kwenye moto, wakakupa kiti na kukuondolea usiku, kiwanda kilifungwa? Hoteli zilikosa mashuka? Basi huendi kuomba muujiza. Unakwenda kuomba kilekile ambacho tayari unapewa, ila safari hii kwa jina lake. Sheria za kazi za nchi nyingi humtaka mwajiri amfanyie mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu marekebisho yanayowezekana, na humkataza kumfukuza kwa sababu hiyo. Ya kwenu inasemaje, kamuulize mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na kama hakuna chama nenda ofisi ya kazi. Uliza kabla ya kuongea na msimamizi, si baada.

Pita pia kwa daktari wako akuandikie ni kazi gani unaiweza na ipi ni hatari kwako. Kisha Jumatatu mwone msimamizi peke yake, mapema, mashine hazijaanza kelele. Usianze na kifafa, anza na msamaha. Mwambie hakukuwa na mimba, wengine walidhani nawe ukanyamaza, na kwamba unajua ulinyamaza juu ya kidonda chake. Mwache akasirike. Usijitetee, na usilie ili akubembeleze, si zamu yake kukubembeleza. Akimaliza, ndipo umweleze unaumwa nini, unahitaji nini, na kwamba lazima awepo mtu wa karibu anayejua la kufanya ukianguka.

Wenzako wengine si lazima wajue maradhi yako. Hiyo ni siri yako, utampa umtakaye. Lakini waliokushonea nepi lazima wajue hakuna mtoto, na wajue kutoka kwako. Na mumeo ulimpa furaha ya nusu saa ukamnyang'anya, kaongee naye, aache kukaa na viatu mlangoni.

Siwezi kukuahidi kwamba utapokewa kwa vigelegele. Huenda ukaadhibiwa kwa kudanganya, na hilo lipokee. Usipokee kuadhibiwa kwa kuumwa. Ni mambo mawili, mtu akiyachanganya mtenganishie palepale, hata kama anayeyachanganya ni wewe mwenyewe. Kuacha kazi usikutaje tena. Jumatatu uwepo.

*

Majibu haya tulimtumia mwenyewe kabla gazeti halijatoka, kwa kuwa Jumatatu haikuwa mbali. Baadaye aliandika tena:

Mpendwa mshauri, nilikwenda. Nilisema yote nikiwa nimesimama, yeye anapanga foronya, akaendelea kupanga mpaka nikamaliza, kisha akaniambia nimpishe. Siku ile hakunisemesha tena, wala iliyofuata. Nikapewa onyo kwa udanganyifu, nikalipokea kama ulivyosema. Wenzangu nao niliwaambia hakuna mtoto, na Redio ndiye aliyekasirika kuliko wote kwa kuwa habari yake iligeuka kuwa ya uongo, akazichukua nepi akampelekea dada yake aliyejifungua. Wawili wamehama meza yangu, wengine wamebaki. Mume wangu nilimweleza mpaka kisa cha taulo kuteleza, akajizuia, akashindwa, akacheka, na mimi nikacheka.

Ofisi wamekubali maneno ya daktari. Nabaki kukunja taulo, mchana tu. Lakini msimamizi alikuwa akinipa kazi bila kunitazama, na nikajua nimempoteza.

Juzi wenzangu walipokwenda kula alinifuata chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango, akaniuliza, "Ukianguka, nifanye nini?"

Nikamwambia asogeze vitu vigumu, asinishike kwa nguvu, asinitie chochote mdomoni, aangalie saa, ikipita dakika tano aite gari la wagonjwa, na mitetemeko ikiisha anilaze ubavu. Akasema maneno matupu hayamwingii, nimwonyeshe. Nikalala sakafuni. Akapiga magoti taratibu, magoti yake yanamsumbua, akanivuta kwa nyonga, akakosea, akanirudisha chali, akanigeuza tena na tena mpaka nikamwambia hapo sawa.

Hakusema kama amenisamehe. Aliinuka akishikilia benchi, akajikung'uta vumbi, akasema mimi ni mzito kuliko ninavyoonekana, akafungua mlango, akaniambia turudi kazini.