Shati Ulilokataa Kuvua

Kwa mdogo wangu Sipriani,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka. Marahaba. Mgongo umekupa nafuu? Maharage ya bondeni yamekomaa? Na yule jogoo wako mwizi, bado anaingia jikoni kwangu? Mimi nipo hapa Mwanza kwa binti yangu Veronika, nakula, nalala, nanuna. Ningepiga simu, ila nakujua: nikigusa habari ya kifua chako utasema mtandao mbaya, ukate. Barua haikatwi.

Ndiyo, kifua chako. Lakini nianze na changu.

Ule uvimbe ulionileta huku si jipu. Ni saratani ya titi. Cheka, nakupa ruhusa. Hata mimi nilimwuliza daktari, "Titi gani, mwanangu? Mimi sijawahi kunyonyesha hata paka." Hakucheka. Alisema mwanamume naye analo, dogo tu, na linaugua. Nilidhani nitarudi kwanza kuvuna. Wapi! Walichomoa kipande kidogo cha nyama wakapima, mara nimelazwa, mara nimeamka upande mmoja tambarare kama uwanja wa shule. Mwili ulikwenda mbio, moyo ukabaki nyuma unauliza njia.

Siku ya kwanza kliniki, benchi zima wanawake. Mmoja, Mama Leokadia wa Geita, akaniambia, "Mzee, mpishe mgonjwa akae. Mkeo yuko wapi?"

"Yuko kijijini kwetu Ntobeye anapalilia. Mgonjwa ni mimi."

Akanitazama kifuani, nami nikakitazama chake. Akasogea. "Kaa hapa, baba. Basi wewe ndiye bwana harusi wetu."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, halafu nikashindwa kuacha, kicheko kikageuka kilio mbele ya wake za watu. Mama Leokadia akanipa ncha ya kanga yake nifute pua. Tangu hapo sina aibu nao. Tukingoja dripu za dawa kali, zile zinazonyonyoa nywele, wao huwasengenya waume zao, mimi nawasimulia kwetu. Nawasimulia asubuhi za ukungu, ndizi zilizoiva zikitolewa shimoni, mimi na wewe ndani ya mtumbwi wa kukamulia, vifua wazi, tunakanyaga ndizi na nyasi mpaka juisi inatoa povu, na marehemu baba pembeni anaimba akisingizia kwamba anasimamia kazi. Harufu ile, Sipriani! Mwanza kuna kila harufu, ile haipo.

Katika kusimulia ndipo nikakumbuka. Msimu huu ulikanyaga na shati mwilini, umefunga mpaka kifungo cha shingo. Nikakutania kwamba umekuwa katekista. Nawe ukanitania, maana nami nilikuwa na fulana. Wazee wawili tumevaa kukamua ndizi kama tunakwenda ubatizo! Mimi nilikuwa naficha uvimbe. Wewe ulikuwa unaficha nini?

Muuguzi aliniuliza kama kuna mwingine wa damu yetu aliyeugua hivi. Nikasema hakuna. Kisha mama akanijia akilini. Unakumbuka alivyofunga kitambaa kifuani, akatuambia ameungua na chungu cha maharage? Tulikichukia chungu kile. Wewe ulikipiga teke hadi kidole kikavimba. Hakikuwa chungu, mdogo wangu. Alituficha mpaka tukamzika.

Yangu nimeshayapokea: naamka, nakumbuka, nalia kidogo, nakunywa uji, nawachokoza wauguzi. Lakini kulia mara mbili siwezi. Panda basi la kupitia Biharamulo, Veronika atakupokea stendi. Ikionekana ni jipu tu, utanicheka mbele ya watani wote, sitajibu neno.

Nisalimie mke wangu, mwambie mume bado anamtosha. Msalimie dada yetu Skolastika, damu yake ni hii hii, aje nawe. Msalimie na katekista, asichukie kwamba nilikufananisha naye.

Ni mimi kaka yako, mwenye titi moja na ulimi mzima,
Venansi

Shemeji Edita, wewe unayemsomea kwa kuwa macho ya mumeo yamechoka: sasa umesikia yote. Usimwulize kama atakwenda. Mwulize atavaa viatu gani.